Ngazi 214 kila siku na bado tansio: sisi watu wa Bukavu tunakosea wapi?

#1 Mpanda_Ngazi (Kadutu)
Bandugu, muko muzuri? Naleta hii maneno hapa kwa sababu nyumbani tumeijadili mpaka chakula kikapoa.

Niko na miaka 43, nakaa upande wa Nyamugo, nyumba iko chini kabisa kwenye korongo. Toka mlangoni kwangu hadi barabara ya magari kuna ngazi 214. Nimezihesabu mara tatu, hata zile za udongo ambazo mvua imezila nusu. Nazipanda asubuhi, nazishuka jioni, na siku bomba ikikauka nazipanda tena na bidoni mkononi. Kilo zangu ni 61. Sivuti sigara.

Wiki iliyopita nilimpeleka mtoto kituo cha afya. Munganga akamaliza na mtoto, akaniambia: "Na weye papa, keti nikupime msukumo wa damu." 162 kwa 101. Akarudia: 158 kwa 98. Nikacheka, nikidhani mashine imeharibika. Yeye hakucheka.

Swali langu: kama mwendo ni dawa, Bukavu yote na hii milima yake tungekuwa watu wa mwisho duniani kuugua tansio. Lakini kwenye ngazi zetu kuna nyumba 11, na nimehesabu watu saba wanaokunywa vidonge. Juu ya nini?

#2 Mama_Sombe
Chumvi. Uzi ufungwe, tulale.

#3 Motari_wa_Nguba
Hahaha papa wa ngazi 214! Miye nabajua bote ba Nyamugo. Munapandaka zile ngazi mukihema kama mbuzi wa sikukuu, mukifika barabarani munanyoosha mukono: "Motari, Nyawera ni ngapi?" Na kutoka pale kuenda Nyawera ni kushuka tu! Ngazi dakika tano, moto (pikipiki) dakika kumi, kiti siku muzima. Umehesabu ngazi, hukuhesabu moto.

#4 Mpanda_Ngazi
Motari, umenipata. Mimi ni fundi cherehani, nakaa toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kinachotembea ni mguu mmoja kwenye pedali. Moto napanda kwa sababu mteja akiona fundi amefika na jasho na vumbi anasema kazi imeanguka.

Lakini baba yangu hakupanda moto hata siku moja. Alitembea Kadutu hadi Bagira, kwenda na kurudi, mvua au jua. Kiharusi kilimchukua akiwa na miaka 58. Sasa eleza na hiyo.

#5 Munganga_wa_Usiku
Salamu. Mimi ni munganga kwenye kituo kimoja, sitakitaja. Kabla ya chumvi na moto, niambie mambo manne. Ulipumzika dakika ngapi kabla ya kupimwa? Kituo kiko juu au chini ya kwako? Kitambaa kilifungwa juu ya shati au kwenye ngozi? Ulikuwa unaongea?

#6 Mpanda_Ngazi
Kituo kiko juu kabisa, baada ya ngazi kuna kilima kingine. Mtoto nilimbeba mgongoni, ana homa, analia. Sikupumzika, niliitwa mara moja. Koti sikulivua. Na ndiyo, nilikuwa naongea, nilikuwa nauliza bei ya dawa.

#7 Munganga_wa_Usiku
Basi ile 162 ni yako na kilima mumegawana. Mtu anakaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, kitambaa kwenye ngozi, kibofu hakijajaa. Kahawa na sigara vikae mbali nusu saa kabla. Na hata ukikuta 140 kwa 90 au zaidi, hauitwi mgonjwa kwa siku moja: lazima ijirudie siku nyingine.

Kwenye kituo chetu asubuhi wanakuja watu sitini na kiti cha kupumzikia ni kimoja. Nimeona mama anapimwa amesimama, mtoto mgongoni, na pesa ya karatasi kwenye meno. Sisi wenyewe tunatengeneza tansio ya kilima.

Hiyo haina maana kwamba weye uko mzima. Rudi upimwe vizuri.

#8 Mwanakigoma
Wakuu, samahani, nauliza kutoka ng'ambo ya Tanganyika: hiyo tansio ndiyo presha?

#9 Motari_wa_Nguba
Njo yenyewe. Ikivuka ziwa inabadilisha jina sawa vile mfanyabiashara.

#10 Kijana_wa_Muhumba
Mimi naona wote mumesahau urefu wa mji. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na sisi tuko juu ya ziwa. Hewa ni nyepesi, moyo unasukuma zaidi. Njo sababu.

#11 Lava_ya_Goma
Kijana, sisi wa Goma tunakunywa kwenye ziwa hilohilo, urefu uleule. Tofauti ni kwamba huku hatuko na ngazi, ni mawe meusi ya volkano ya 2002 chini ya miguu, mengine ya 2021, viatu vinaisha miezi mitatu. Mji mzima ni tambarare. Na tansio iko vilevile, mjomba wangu wawili wanayo. Kwa hiyo kilima hakileti na kilima hakizuii.

Ila nakubali: Bukavu munahema zaidi. Nilikuja kwenye harusi mwaka jana, nikafika ukumbini natafuta kiti kabla ya kutafuta bwana harusi.

#12 Munganga_wa_Usiku
#10, ile ya urefu inaongelewa kwa watu wa milima ya mita 3,000 na kupita. Kwa mita 1,500 siwezi kuiweka kichwani kwa orodha.

#13 Mama_Sombe
Nimeamka, narudi kwa chumvi yangu, sasa kwa kirefu kwa sababu naona wanaume munaongelea milima na hakuna aliyeingia jikoni.

Jana nilipika hivi. Sambaza kavu, tayari imetiwa chumvi na aliyeianika. Nimeiosha maji moja tu, mume wangu anasema ikioshwa sana inakuwa kama karatasi. Vitunguu, tomati, mafuta. Kube mbili, zile za supu. Halafu chumvi ya mkono, kwa sababu kube ni ya harufu, chumvi ni ya ladha, njo vile mama mkwe alinifundisha. Nikaonja, nikaongeza. Kwenye meza mume akaonja, akaomba kifuko cha chumvi. Hiyo ni mara ngapi? Hesabuni.

Kube yenyewe zaidi ya nusu ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu tano kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai kilicholala sawa, na hiyo ni kwa byote: supu, mkate, samaki. Mimi nilipima ya nyumbani kwangu kwa wiki. Pakiti ya nusu kilo, watu sita, ikaisha siku tisa. Gawanyeni wenyewe. Na hapo kube sikuzihesabu, makayabu (samaki wa chumvi) ya Jumapili sikuihesabu.

#14 Mwl_Bagira
Gramu 500 gawanya kwa 9, gawanya kwa 6: gramu 9 na kidogo kwa kila mmoja. Na watoto wanakula kidogo, kwa hiyo papa anakula zaidi. Mama Sombe, umeshinda watafiti.

#15 Mshi_Asilia
Lakini tuheshimu sambaza. Ni samaki wetu wa asili, mababu walikula sambaza tangu zamani na hawakuwa na tansio.

#16 Lava_ya_Goma
Mababu gani? Sambaza ililetwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, Wabelgiji ndio waliileta. Babu yako alianza kuikula akiwa na mvi.

#17 Mwanakigoma
Kwa hiyo samaki wetu mumemchukua, mkamkausha kwa chumvi, mkapata presha, na sasa mnatulaumu? Rudisheni dagaa wetu.

#18 Mshi_Asilia
Sawa, nakubali kusahihishwa. Lakini babu yangu wa Kabare alikula bugali ya mtama, maharagi, bilolo, na nyama siku ya harusi. Chumvi yenyewe ilikuwa ya kununua mbali. Aliishi sana.

#19 Mwl_Bagira
Babu aliyeishi sana tunamkumbuka wote. Wale ndugu zake waliokufa wadogo, nani anawahesabu?

Mimi naleta neno lingine: usingizi. Ninafundisha. Mshahara tangu nianze kazi ulikuwa wa kusubiri, lakini benki zilipofungwa Februari 2025 hata kusubiri kukakosa adresi. Nalala saa tano, saa nane usiku macho iko wazi, nasikiliza mbwa, nasikiliza kama ni mbwa tu. Asubuhi natembea kwenda shule, nakula mboga, sinywi pombe. Tansio yangu 150 kwa 95. Munganga akaniambia "punguza mawazo". Nikamuuliza yanapunguzwa duka gani.

#20 Mlinzi_wa_Uzi
Mwalimu, pole kabisa. Wengine wote: nani alifunga nini na kwa nini, kuna uzi wake. Hapa tubaki kwenye mwili.

#21 Yaya_Neema
Nimesoma toka juu. Ninyi munaongelea kinacholeta. Mimi naongelea kinachoua: kuacha dawa.

Mama yangu alipimwa miaka sita iliyopita, akapewa amlodipini. Miezi miwili anakunywa, kichwa kikatulia, akasema "nimepona, namushukuru Mungu", akaacha. Ikarudi. Akaanza tena, safari hii miguu ikavimba mpaka viatu vya kanisani vikakataa, na kumbe ile dawa inaweza kuvimbisha miguu, munganga angembadilishia tu. Lakini hakurudi kuuliza. Jirani akamwambia vidonge vinaharibu figo, akamletea majani ya kuchemsha, machungu mpaka nyumba nzima inanuka. Mama akayanywa na akawa anatuambia "naisikia inashuka".

Bandugu, tansio haisikiki. Njo ubaya wake. Mama alikuwa na 190 akiwa anapepeta maharagi na kuimba. Siku ya Alhamisi aliniita nimpe kikombe, mkono wa kuume haukufunga. Kikombe kilianguka, na alikitazama vile mtu anatazama kitu cha jirani.

Anaishi bado. Anatembea na fimbo. Sasa dawa anakunywa, naziweka kwenye kisanduku cha vifungo, kidonge kimoja kwa siku, na nikikuta cha jana kiko palepale tunagombana.

#22 Mpanda_Ngazi
Yaya Neema, pole. Hilo la kikombe limenikalia. Baba yangu pia ilianza hivyo, kwa kijiko.

#23 Munganga_wa_Usiku
Asante Yaya. Naongeza moja: duniani, karibu nusu ya watu wazima wenye tansio hawajui kama wanayo. Na kati ya wanaojua, wengi wananunua vidonge vitatu vitatu, kwa vile pesa ya leo inatosha vitatu. Akikosa wiki moja, anajiambia kwamba hakufa, kwa hiyo hakuvihitaji.

Na jamani, majani kama munayapenda kunyweni kama chai, lakini musiyabadilishe na dawa.

#24 Kasiksi_Kidogo
Nani atasema neno la pombe? Kimya. Basi nitalisema mimi mnywaji.

Chupa moja ya Primus ni sentilita 72, na asilimia tano ni pombe yenyewe. Ukizidisha unapata karibu gramu 28 za pombe safi. Glasi moja inayoongelewa kwenye vitabu vya waganga ni gramu 10 hivi. Kwa hiyo mtu akisema "nilikunywa moja tu", amekunywa karibu tatu. Na nani Bukavu anakunywa moja? Moja ni ya salamu. Kasiksi ya ndizi haina hata maandishi kwenye chupa, kipimo chake ni vile umefika nyumbani.

Nilikuwa nakunywa tatu kila jioni. Nilipunguza hadi Jumamosi peke yake, si kwa sababu ya tansio, ni kwa sababu ya deni. Miezi minne baadaye nilishuka kutoka 155 hadi 138. Mke anasema ni maombi. Mimi nasema ni deni.

#25 Mama_Sombe
Na pamoja na pombe mulikuwa munakula nini? Mishikaki na chumvi. Narudi palepale.

#26 Lava_ya_Goma
Mama Sombe akiulizwa kwa nini volkano ya Nyiragongo ilitapika atasema chumvi.

#27 Mama_Sombe
Na ulimi wako pia umezidi chumvi.

#28 Binti_wa_Beach
Salamu kwa wote. Ninauza unga sokoni, kwa hiyo nawajua wamama wanaobeba mizigo. Munawaona: gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, anapanda kilima amejikunja mpaka uso unaona vidole vya miguu. Kuna mmoja anabeba kwangu tangu niko mtoto, naye sasa ana miaka 50 na kitu. Hakuna mtu Bukavu anafanya mazoezi kumshinda. Hanywi pombe, hajui kube, anakula mara moja kwa siku. Siku moja kulikuja watu wa kupima bure, yeye akakutwa na 170.

Nilikaa nikawaza: kama huyu anayo, ile ya kutuambia "tembeeni, tembeeni" inatosha nini?

#29 Mwl_Bagira
Kuna watafiti wanasema hilohilo, kwamba mwendo wa hiari na mzigo wa kazi si kitu kimoja kwa moyo. Mtu anayekimbia nusu saa anapumzika baadaye. Yule mama hana baadaye. Gunia zito lenyewe linapandisha tansio wakati anabeba, na anabeba siku nzima. Wengine wanasema hapana, si gunia, ni umaskini unaokuja pamoja na gunia. Hawajakubaliana.

#30 Kijana_wa_Muhumba
Basi mimi na footing yangu ya Jumapili niko salama.

#31 Motari_wa_Nguba
Footing! Tunawaonaka. Saa kumi na mbili asubuhi, viatu vya rangi ya moto, munakimbia kilometa mbili, munapiga foto kumi, saa tatu muko kwa mama wa mishikaki "kurudisha nguvu". Weye mwenyewe nilikubeba Jumapili iliyopita kutoka kwenye footing kukurudisha kwenu.

#32 Kijana_wa_Muhumba
Nilikuwa nimeteguka mguu!!

#33 Munganga_wa_Usiku
Musimcheke. Kinachoombwa kwa mtu mzima ni dakika 150 kwa wiki, za mwendo wa kukuhemesha kidogo, unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ngazi za Mpanda: dakika tano kwa siku, siku sita, ni nusu saa. Bado dakika 120. Motari alikuwa na haki toka #3.

#34 Motari_wa_Nguba
Piga foto ya hiyo sentensi, nitaibandika kwenye pikipiki.

Lakini sasa mukianza wote kutembea batoto bangu batakula nini? Mutembee siku ya Jumapili tu, aksanti.

#35 Mtu_wa_Lwiro
Ninachelewa lakini nina neno ambalo halijasemwa. Wengi wetu hapa, tukiwa wadogo, tulipita kwenye bwaki. Munajua: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, mtoto hachezi. Mimi nilitibiwa Lwiro, kwenye hospitali ya watoto kule kwenye kituo cha utafiti. Nikiwa mkubwa walinitafuta, mimi na wenzangu wengi waliotibiwa pale, wakatupima urefu, damu, tansio, wakataka kuona mwili wa mtu mzima unakumbuka nini juu ya njaa ya utoto.

Na kuna ugonjwa wa sukari wa watu wembamba. Munganga mwingine akimwona mwembamba anasema "sukari si yako". Ile sukari inayotokana na utapiamlo, Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha mwaka 1985, likaiondoa mwaka 1999, na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likairudisha na kuiita aina ya 5. Miaka yote hiyo wagonjwa walikuwepo, jina ndilo lilikuwa linaingia na kutoka.

Kwa hiyo Mpanda, kilo 61 si cheti cha uzima. Pima na sukari.

#36 Mshi_Asilia
Bugali ya muhogo kavu tangu asubuhi hadi jioni, na mchuzi wa kuchovya ncha ya kidole. Tuliita hiyo kushiba.

#37 Kasiksi_Kidogo
Mtu wa Lwiro ameongelea sukari, mwenye uzi aliuliza tansio. Tusichanganye.

#38 Mtu_wa_Lwiro
Ni ndugu, wanatembeleana. Lakini sawa, sikusema kwamba bwaki njo jibu la tansio. Nimesema tuiongeze kwenye meza.

#39 Mwana_Mawese
Meza ambayo imejaa mafuta! Acheni mawese, ina kolesteroli, inaziba mishipa.

#40 Mama_Sombe
Hapana. Kolesteroli iko kwenye vitu vya mnyama, mti hauna. Ubaya wa mawese ni mwingine: karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayoganda, kwa hiyo usimwage kama maji. Na uzuri wake ni ile rangi nyekundu, njo vitamini A ya macho. Lakini sisi tunaichoma kwenye sufuria mpaka inakuwa nyeupe na nyumba inajaa moshi, tunaua uzuri, tunabakiza ubaya. Halafu moshi wenyewe, na babula (jiko la makaa) ndani ya nyumba, unaingia kwa nani? Kwa mama na mtoto mgongoni.

#41 Lava_ya_Goma
Mama Sombe amesema post nzima bila chumvi. Mlinzi, weka alama.

#42 Dada_Mnene
Naomba nami niseme. Mimi niko na kilo 94. Wakati niliamua kupunguza, nikaacha fanta, nikaacha bugali ya usiku, nikawa natembea kutoka kazini. Nikashuka kilo 11. Munajua kilichotokea? Mama mkwe aliita kikao. Wakauliza mume wangu kama ananitesa. Kanisani wakaniombea. Mteja mmoja akaniuliza polepole kama niko na "ule ugonjwa". Mume mwenyewe akaniambia rudi vile ulikuwa, watu wanasema nimefilisika.

Kilo nane kati ya zile 11 zimerudi. Nilikuwa najua yote munayoandika hapa, nilijua kuliko munganga. Kukonda kwa Bukavu ni kesi, inahitaji mashahidi.

#43 Yaya_Neema
Dada, hii njo post ya uzi. Kitambi cha mwanaume tunakiita "maisha imejibu". Nani atakipunguza?

#44 Mwana_Mawese
Kamua limau kwenye maji ya moto kila asubuhi, tansio inaisha. Mjomba alipona.

#45 Munganga_wa_Usiku
Mjomba alipimwa na nani, mara ngapi, na alikuwa anakunywa nini kingine?

#46 Mwana_Mawese
Na vidonge vya hospitali. Lakini limau njo ilifanya.

#47 Motari_wa_Nguba
😂😂😂

#48 Mpanda_Ngazi
Bandugu, aksanti kwa wote. Narudi na matokeo, wiki mbili baadaye.

Nilikopa mashine ya mkono wa juu kwa shemeji. Kila asubuhi nimekaa dakika tano, kimya, kama vile Munganga alifundisha, watoto wamefukuzwa nje. Siku saba: 148/94, 151/92, 139/88, 146/90, 137/86, 150/95, 142/89.

Chumvi ya mezani tumeiondoa tangu siku ya tatu. Kwa hiyo siku ya tatu na ya tano naona Mama Sombe ameshinda, ya sita naona ameshindwa. Ila siku ya sita ndiyo mwenye nyumba alikuja kuuliza kodi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikapimwa akiwa bado mlangoni. Hiyo niiweke kwa Mwalimu.

#49 Munganga_wa_Usiku
Ukipima nyumbani, mstari unashuka: ni 135 kwa 85. Ziko juu zote saba, hata zile nzuri. Kilima kilikuongezea kidogo, hakikukusingizia. Peleka hiyo karatasi kituoni, usitupe.

#50 Mama_Sombe
Siku chache haitoshi kutoa chumvi ya miaka 43. Subiri wiki nne ndipo unihukumu. Na kube umeondoa?

#51 Mpanda_Ngazi
Kube… mke anasema tuliongelea chumvi, kube hatukuiongelea.

#52 Lava_ya_Goma
Ilikuwa #13, mwambie asome.

#53 Mpanda_Ngazi
Lakini sikumaliza. Mashine ilipokuwa nyumbani kila mtu akataka kunyoosha mkono. Mama, miaka 70, anayetia chumvi hata kwenye parachichi: 128/78. Mke 118/74. Halafu mdogo wangu, miaka 27, yule anayebeba vyuma, mikono kama magogo, anayetuchekaga sote. 168/104. Tukarudia, tukabadilisha mkono, tukangoja dakika kumi. 164/102. Akasema mashine imeharibika. Alicheka kama vile mimi nilicheka.

#54 Mwl_Bagira
Mama na chumvi yake 128, kijana na vyuma vyake 168. Mama Sombe, tafadhali.

#55 Munganga_wa_Usiku
Kwanza angalieni kama kile kitambaa kinatosha mkono wake. Mkono mnene na kitambaa kidogo, mashine inadanganya kwenda juu. Pili, muulizeni polepole, pasipo mama: kuna unga au vidonge vya kujaza misuli anakunywa? Na figo zipimwe, katika umri ule hatuachi hivihivi. Asingoje.

#56 Mpanda_Ngazi
Kitambaa kilimbana kweli, alama ilibaki. Kuhusu unga alinyamaza, kwa hiyo jibu tunalo nusu. Amekubali kwenda kesho asubuhi. Lakini amesema ngazi hapandi, anaogopa moyo utapasuka njiani.

#57 Motari_wa_Nguba
Moto haishukaki kwenye korongo la Nyamugo, papa. Apande zile 214 polepole, apumzike kila kumi. Nitamungojea hapo juu, saa moja kamili.